Jinsi ya kuandaa siku moja ya wageni kijijini kwenye mteremko wa Mlima Elgon: mwongozo kamili

Vikundi vingi vya utalii wa kijijini huku kwetu huanza na mabati. Wanachama wanachanga, banda linajengwa, kibao kinapigwa rangi na kusimamishwa kando ya barabara ya Kimilili kwenda Kapsokwony, kisha watu wanakaa kusubiri. Wageni wachache wanafika, wanapiga picha, wanauliza, "Sasa tunafanya nini?" Hakuna mwenye jibu. Mwaka ukiisha, banda limegeuka ghala la mahindi na wanachama hawaulizani tena kuhusu michango.

Ushauri wangu ni mmoja, na hatua zote zilizo hapa chini zinatokana nao: msijenge chochote kabla ya kuweza kumpa mgeni siku moja iliyopangwa vizuri, kuanzia anaposhuka kwenye matatu hadi anapopanda kurudi. Njia ya kutembea, kazi ya mikono, chakula kizuri, choo safi, bei inayowalipa wote. Siku hiyo ikisimama, banda litajilipia lenyewe baadaye.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Kapsokwony, Kaptama, Cheptais, Chesikaki na vijiji vya jirani upande wa Bungoma, Kenya. Walio Endebess, Cherangani, au hata miinuko ya Nandi wanaweza kufuata hatua hizi hizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hakuna kitu cha bei ghali hapa. Vingi tayari viko kijijini.

- Kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka watu 10 au zaidi. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkiwa na katiba ya kikundi, majina na nakala za vitambulisho.
- Laini ya kupokea malipo kwa jina la kikundi, iwe till ya M-Pesa au akaunti ya benki. Simu ya mwenyekiti haifai, hata kama mwenyekiti ni malaika.
- Madaftari mawili: moja la wageni, moja la pesa.
- Viongozi wa njia wawili, wanaojua Kiswahili vizuri na kuzungumza na watu wazima bila aibu. Mmoja akiwa mwanamke ni bora zaidi, maana kuna wageni wanawake ambao hawatakubali kuingia msituni na mwanamume wasiyemjua.
- Sanduku la huduma ya kwanza: bendeji, pamba, dawa ya vidonda, glavu, chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, mkasi.
- Jozi sita hivi za gambuti za saizi tofauti, na fimbo za kutembelea. Fimbo mtakata wenyewe.
- Jagi, beseni, sabuni na taulo safi za kunawia.
- Majiko mawili, sufuria zenye vifuniko, vikombe na sahani za kutosha watu 10.
- Kilo tano za kahawa yenye ganda, iliyokauka vizuri.
- Vibuyu vitatu vya maziwa.

Kama hamna hata nusu ya vitu hivi, anzeni na vilivyopo. Lakini usajili na laini ya kikundi ni lazima viwepo. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjika kwa kukosa wageni. Vilivunjwa na pesa ya wageni watatu wa kwanza.

## Hatua ya 1: Andikeni kinachofanyika hata mgeni asipokuja

Chukueni daftari mzunguke kijiji kizima, watu watatu au wanne. Mmoja awe mama mkulima na mmoja mzee. Andikeni kila kitu kinachoendelea bila kumsubiri mgeni: siku ambazo kiwanda cha ushirika kinapokea kahawa, mama anayetengeneza mursik (maziwa ya kugandishwa kibuyuni), mrina asali, mfinyanzi, mzee anayechonga mizinga, siku ya soko. Andikeni pia maji, yaani chemchemi, vijito na maporomoko. Huu ndio mlima unaolisha mito ya Kuywa, Malakisi na Suam, na mgeni anayekunywa maji ya bomba huko mjini hupenda sana kuonyeshwa yanakotoka. Miti mikubwa iliyobaki, podo, mwerezi na mzeituni mwitu, ihesabuni mmoja mmoja na mwandike iko kwenye shamba la nani.

Sababu ya kuandika hivi ni rahisi. Jambo linalofanywa kwa ajili ya wageni peke yake hufa wageni wakikosekana miezi miwili. Mursik itatengenezwa tu, mgeni aje asije.

Onyo kuhusu mapango. Mlima Elgon una mapango mengi, na karibu kila kijiji cha juu kina lake. Pango lenye popo msimwingize mtu. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum walishikwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg na wakafariki, na wataalamu wanahusisha virusi hivyo na popo wanaokula matunda. Mwonyesheni mgeni pango akiwa nje, asishike kuta wala asikanyage kinyesi cha popo. Watoto wa kijiji nao waambieni vivyo hivyo.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na orodha ya mambo kumi hivi, kila moja likiwa na jina la mwenyewe na siku linapofanyika.

## Hatua ya 2: Ombeni ruhusa, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Ruhusa ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ya majirani. Kila shamba ambalo njia inapita, mwenyewe aulizwe mbele ya mkewe au mumewe, na akubaliane nanyi ni nini atapata. Ukimuuliza baba peke yake, siku ya wageni utakuta mama amemwaga majivu njiani, na atakuwa na haki. Mzee wa mtaa, naibu chifu na chifu wapewe taarifa mapema. Mgeni akipotea au akiumia, hao ndio mtakaowakimbilia.

Ya pili ni ya serikali. Njia ikiingia msitu wa serikali, nendeni kituo cha Huduma ya Misitu kilicho karibu na mzungumze na chama cha jamii cha msitu, kilichoundwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2016. Msimwambie mgeni kwamba "huku hakuna shida". Shida iko, na atakayeulizwa msituni na askari ni yeye, wala hatarudi tena. Viongozi wenu wa njia nao waanze taratibu za leseni kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

Wageni wengi watauliza kuhusu Kitum na ndovu wanaoingia pangoni usiku kukwangua chumvi kwa pembe. Waambieni ukweli: pango hilo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa, upande wa Trans Nzoia, wanaingilia lango la Chorlim, na kiingilio wanalipia kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Hiyo ni safari ya siku nyingine. Msiwaahidi ndovu wa serikali kwenye siku ya kijiji chenu.

Ya tatu ni ya wenye makao ya juu. Chepkitale, huko juu mlimani, ni nyumbani kwa jamii ya Waogiek. Kupeleka wageni kule bila kukubaliana nao ni sawa na kuuza chai ya jirani. Kama mnatamani kufika huko, nendeni mkakae na wazee wao, na siku hiyo iongozwe na wao, ilipwe kwao.

Onyo la mpaka. Kuna njia za ng'ombe zinazovuka kuingia Uganda bila hata kibao. Sisi tumezizoea. Mgeni akivuka bila kupitia kituo rasmi kama Lwakhakha au Suam amevunja sheria, na nyinyi ndio mliomvusha. Njia yenu ikae mbali na mpaka kabisa.

## Hatua ya 3: Pimeni njia kwa miguu ya mtu wa mjini

Kijana wa hapa akikwambia "ni hapo tu juu, dakika ishirini", mgeni wa Kisumu atatumia saa nzima, na atafika akiwa amekasirika. Kwa hiyo mtafuteni mtu asiyezoea mlima, mwalimu mgeni au shangazi anayeishi Bungoma mjini, mtembee naye njia yote mkiwa na saa. Muda wake ndio mtakaouandika.

Jumla ya kutembea isizidi saa tatu. Mkiongeza mapumziko, kazi ya mikono na chakula, siku itachukua saa sita. Anzeni saa mbili asubuhi na mmalize saa nane mchana, kwa sababu mvua ya huku hupenda kushuka alasiri. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi. Aprili na Mei ni mvua kubwa, na ningewashauri kutopokea kundi lolote la matembezi marefu wakati huo.

Mkiwa njiani, angalieni mambo haya:

- Kila baada ya nusu saa pawe na mahali pa kukaa. Gogo linatosha.
- Mahali pa kuvuka kijito pasiwe gogo moja linaloteleza. Wekeni mawili yaliyochongwa juu na kamba ya kushika.
- Njia isipite chini ya ukingo wenye nyufa. Udongo wa mlima huu huporomoka mvua ikizidi. Machi 2010, upande wa pili wa mlima huu huko Bududa, maporomoko yalifukia watu wengi. Mkiona ufa mpya juu ya njia, badilisheni njia siku hiyo hiyo.
- Ukingoni mwa msitu msifike alfajiri wala jioni. Ndovu hutoka kutafuta mahindi saa hizo.
- Wekeni alama sehemu mbili ambazo bodaboda inaweza kufika. Mtu akiteguka mguu, hapo ndipo mtakapombeba mumfikishe.

Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza vibaya sana, na watu wa mjini huja na raba nyeupe. Gambuti zitolewe mapema, kabla mtu hajaanguka.

Hatua hii imekamilika viongozi wote wawili wanapoweza kuchora njia kwenye karatasi bila kuulizana, na kuandika muda wa kila kituo.

## Hatua ya 4: Chagueni kazi mbili za mikono, mzifanye vizuri

Hapa ndipo siku yenu inapopata uhai. Mgeni hukumbuka alichoshika kwa mikono yake kuliko alichoambiwa. Lakini msimpe mambo saba. Mawili yanatosha, na kwa mteremko huu ningechagua kahawa na mursik bila kusita.

### Kahawa, kutoka tundani hadi kikombeni

Kama ni msimu wa mavuno, mpelekeni mgeni shambani achume. Mwonyesheni tofauti ya tunda jekundu na la kijani, na kwa nini la kijani hukataliwa kiwandani. Achume kikombe kimoja, inatosha. Msipokuwa kwenye msimu, pitieni shambani mumwonyeshe mti, kisha mtoe ile kahawa yenye ganda mliyoweka.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kahawa inatwangwa polepole kwenye kinu hadi ganda litoke. Inapepetwa kwenye ungo. Inakaangwa kwenye sufuria nzito juu ya moto wa wastani, ikikorogwa kwa mwiko bila kuacha hata dakika moja, kwa robo saa hivi. Mgeni akoroge mwenyewe. Rangi itatoka kijani kibichi kuwa njano, kisha kahawia, na harufu ya majani makavu itageuka harufu ya mkate. Baadaye zitaanza kupasuka kama bisi. Mlio ukianza kupungua, epueni, mwage kwenye ungo, mpeperushe zipoe upesi.

Wengi hukosea hapo mwisho. Wanaiacha kwenye sufuria ya moto "imalizie", nayo inaungua na kuwa chungu, kisha mgeni anajilazimisha kunywa kwa heshima. Ikipoa kabisa, twangeni, chemsheni, mchuje kwa kitambaa safi.

Mkulima mwenye shamba azungumze mwenyewe: amepata kilo ngapi, amelipwa lini, mbolea imemgharimu nini. Nimewaona wageni wakikaa kimya muda mrefu wakimsikiliza mkulima akipiga hesabu hiyo. Ni elimu ambayo hawataipata hotelini. Mkitaka baadaye kuuza kahawa iliyokaangwa kwa pakiti, ulizieni kwanza leseni zinazohitajika. Kikombe cha kumwonjesha mgeni ni jambo tofauti na biashara ya pakiti.

### Mursik

Mama atakayeonyesha awe ni yule ambaye kijiji kizima kinajua mursik yake ni nzuri. Msimchague kwa sababu ni mke wa mweka hazina.

Kibuyu, yaani *sotet*, kinaoshwa kwa maji moto na kukaushwa. Kijiti cha *senetwet* kinachomwa hadi kiwe kaa jekundu, kaa linatiwa ndani ya kibuyu, kisha linasuguliwa na kusagwa kwenye kuta za ndani kwa fimbo ndefu yenye ncha kama brashi hadi ndani pote pawe peusi. Unga wa mkaa wa ziada unakung'utwa nje. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa yanamiminwa, kifuniko kinafungwa, kibuyu kinawekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa.

Mgeni hawezi kungoja siku hizo. Kwa hiyo mama awe na vibuyu viwili: kimoja kitupu cha kufanyia kazi mbele ya mgeni, kingine alichokijaza mapema ambacho kimeiva. Mgeni asugue kile kitupu, kisha aonjeshwe kutoka kile kilichoiva, atikise mwenyewe, aone maziwa yakitoka na rangi ya kijivu na vumbi jeusi la mkaa.

Onyo: maziwa lazima yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na brusela, na homa yake humlaza mtu wiki nyingi. Kama katika boma fulani hawachemshi kwa sababu ndivyo walivyozoea, hiyo ni juu yao, lakini ya wageni ichemshwe. Mwulizeni kila mgeni kama maziwa humdhuru. Wa kwanza kuonja apewe kidogo.

Mtajua kazi imewafaa mgeni anapoacha simu yake kando na kuomba kurudia.

## Hatua ya 5: Kubalianeni yale ambayo hayauzwi

Kikundi kikae na wazee na akina mama, Wasabaot na Wabukusu pamoja kama kijiji kina wote wawili, muandike orodha ya mambo ambayo mgeni hataonyeshwa kwa pesa yoyote. Kila kijiji kitakuwa na orodha yake. Yangu ingeanza hivi: mazishi, makaburi, watoto wakiwa shuleni, na tohara.

Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na mgeni akiomba kuiona hajibiwi na katibu wa kikundi. Anajibiwa na baba wa kijana. Akialikwa na familia, aende kama mwalikwa, bila tiketi. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011. Kikundi kisijihusishe nao kwa jina la utamaduni hata kwa neno moja.

Kuhusu nyimbo na hadithi: mzee mpiga litungu, ala ya jadi ya nyuzi, aulizwe kama anakubali kurekodiwa, na alipwe. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jadi inawapa wenye utamaduni haki ya kusema ndiyo au hapana. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya mzazi tu. Haya yote yasemwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa upole, na kiongozi wa njia. Wageni wengi hushukuru kuambiwa mapema, kwa sababu hawapendi kukosea.

Na tafadhali, msiwavalishe watu ngozi ambazo hawajazivaa tangu babu zao. Mama akiwa na leso na sweta ndivyo alivyo, na ndivyo mgeni anavyostahili kumwona.

## Hatua ya 6: Chakula, maji na choo

Chakula kiwe kile mnachokula siku ya kupokea mkwe: kuku wa kienyeji, ugali, mboga za kienyeji kama managu au sagaa iliyopikwa kwa maziwa, ndizi, viazi. Akina mama wanajua. Mimi nitasisitiza mambo matatu tu.

Maji ya kunywa yachemshwe jana yake na kuwekwa kwenye mitungi yenye vifuniko, hata kama chemchemi yenu inang'aa. Kunawa mikono kwa sabuni kuwe kabla ya kila kuonja, wenyeji na wageni pamoja. Na kuku achinjwe kwa utaratibu mliokubaliana, maana mkipokea kundi la Kisumu au Nakuru lenye Waislamu watauliza nani amechinja. Tafuteni Mwislamu wa kuchinja, au pikeni maharagwe na mboga, na mseme wazi.

Choo ndicho kinachoamua kama mgeni atarudi. Choo cha shimo hakina aibu. Kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, sakafu iliyooshwa asubuhi hiyo, karatasi, kifuniko cha tundu, ndoo ya majivu, maji na sabuni nje. Mama mmoja alipwe kukisimamia siku hiyo. Kama mna pesa ya kujenga kitu kimoja tu mwaka huu, jengeni choo.

## Hatua ya 7: Wekeni bei kwa kuanzia kwa wanaofanya kazi

Msianze kwa kuuliza "wenzetu wanatoza ngapi?" Anzeni kwa kuandika kila mtu atakayefanya kazi na anachostahili, ndipo mgawe. Huu ni mfano wa wageni 4. Badilisheni tarakimu kulingana na kwenu.

- Kiongozi wa njia: 1,500
- Msaidizi wake: 1,000
- Chakula, shilingi 500 kwa kila mgeni: 2,000
- Mwenye shamba la kahawa: 1,000
- Mama wa mursik: 800
- Wenye mashamba na matengenezo ya njia: 800
- Maji, sabuni, simu, huduma ya kwanza: 400

Jumla ni shilingi 7,500. Ongezeni asilimia 10 ya akiba ya kikundi, inakuwa 8,250. Gawa kwa wanne, kila mmoja 2,062.50. Itisheni 2,100.

Sasa angalieni mtego. Wakija wageni 2 na mkawatoza 2,100 kila mmoja, mtapata 4,200. Lakini kiongozi, msaidizi, mkulima na mama wa mursik gharama yao haipungui. Chakula kitashuka hadi 1,000, jumla itabaki 6,500. Mmepungukiwa na 2,300, na atakayekosa kulipwa jioni hiyo mara nyingi ni mama wa jikoni. Akikosa mara mbili, hatapika tena, na siku yenu imekwisha. Kwa hiyo, pamoja na ile akiba ya asilimia 10, wageni 2 walipe 3,600 kila mmoja, au wangoje wenzao wafike wanne. Andikeni bei zote mbili wazi.

Arbuni ya nusu ilipwe siku tatu kabla, kwenye laini ya kikundi. Pesa ya msitu, kama njia inaingia msituni, ni nje ya hesabu hii, na mgeni apewe risiti yake.

Malipo yagawanywe siku hiyo hiyo, mbele ya wote, kila mtu akitia sahihi kwenye daftari la pesa. Zawadi ambayo mgeni anampa mtu mkononi ni ya huyo mtu. Kikundi kisiidai.

## Hatua ya 8: Fanyeni siku ya majaribio

Waalikeni watu wanne wasiowadai chochote: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mhubiri, dereva wa matatu. Walipe chakula tu. Waombeni wawe wakali. Endesheni siku nzima kama ilivyopangwa, hata mvua ikinyesha, kwa sababu mvua itakuja na wageni wanaolipa vilevile.

Jioni kaeni nao. Waulizeni walipochoka, walipoboreka, walipoogopa, walichotaka kununua wakakosa. Jibu la swali la mwisho huwa na faida: karibu kila mara ni asali, kahawa au kibuyu. Rekebisheni, mrudie na wengine wanne. Msiwaite wageni wa kulipa mpaka majaribio mawili yapite bila mtu kungoja chakula zaidi ya nusu saa.

## Hatua ya 9: Waiteni wageni wa karibu kwanza

Msiote wazungu. Anzeni na shule za Bungoma na Kitale, vikundi vya kanisa, vyama vya akina mama wa Kisumu na Kakamega, vijana wa Eldoret na Nakuru wanaopenda kupanda milima. Wana magari, wana Jumamosi, na wakifurahi huleta wengine mwezi ujao.

Wekeni mahali pa kukutania kwenye ramani ya Google, mahali ambapo matatu inafika, na mtu awepo pale nusu saa kabla. Tumieni namba moja ya WhatsApp na mtu mmoja wa kuijibu. Mwandikieni mgeni ujumbe mmoja wenye kila kitu: saa, mahali, bei, kiasi cha kutembea, alete nini, hakuna nini. Andikeni "kuna baridi asubuhi" na "mtandao hukatika njiani". Pigeni picha za mikono ikikoroga kahawa kuliko za mandhari, kwa sababu mandhari kila mtu anayo. Na msipige chumvi. Maporomoko yenu yakiwa madogo, semeni ni madogo na maji yake ni baridi, na watu wataoga wakiwa na furaha.

## Hatua ya 10: Lini kuongeza kulala

Wageni wenyewe watawaambia. Wakianza kuuliza "tunaweza kulala?" kundi baada ya kundi, chagueni maboma mawili yenye chumba cha ziada, mlango wenye kufuli na choo kile nilichokieleza. Nunueni magodoro mazuri, shuka jozi mbili kwa kila kitanda, na blanketi nzito mbili kwa kila mtu, kwa maana usiku wa huku humshangaza mtu wa ziwani. Mwenye boma apokee malipo yake asubuhi kabla mgeni hajaondoka.

Waelezeni wageni utaratibu wa nyumba: saa ya taa kuzimwa, mbwa amefungwa wapi, nani aamshwe mtu akiugua. Kwa dharura kuna namba 999 na 112, lakini bodaboda mnayemjua, aliyeambiwa mapema na mwenye mafuta kwenye tangi, atawahi kufika kabla ya wengine wote.

Banda jipya lingojee hadi maboma hayo mawili yajae kila Jumamosi ya msimu wa kiangazi na mlazimike kukataa watu. Hapo ndipo mtoe pesa ya mabati.